Naomba ushauri: kumsamehe baba mdogo ni pamoja na kufuta kesi ya kihamba?

Habari zenu wapendwa, na wakubwa shikamooni.

Niko Moshi, ni Mlutheri. Baba alipofariki, baba mdogo aliuza kipande cha kihamba chetu (shamba la urithi la familia) bila kutushirikisha, tukafungua shauri baraza la ardhi. Sasa mama anataka tulifute kabla ya Krismasi, ili watu wakirudi nyumbani kwa sikukuu wakute amani. Anasema Bwana alimwambia Petro asamehe saba mara sabini, basi yameisha.

Hapo ndipo ninapokwama. Luka 17:3 inasema "akitubu msamehe", na huyu mzee hajatubu. Tukikutana kanisani anatusalimia kama vile hakuna kilichotokea. Lakini Marko 11:25 inataka nisamehe pale pale ninaposali, toba ya mwenzangu haitajwi. Halafu kuna Zakayo, yule mtoza ushuru, ambaye hakuishia kuomba radhi, aliahidi kurudisha mara nne. (Mimi hata mara moja ingetosha.)

Kinyongo naweza kukiachia, nadhani. Ardhi je? Nikimsamehe moyoni huku shauri likiendelea, nimesamehe kweli au najidanganya? Na meza ya Bwana niisogelee, au nisubiri?

Wenye kuyajua Maandiko, na mliopitia haya kwenye familia, nisaidieni. Ila jibu la "mwachie Mungu" mama ameshanipa.