Barabara imechimbwa mbele ya mlango wangu: nihame au nisubiri? (Naomba ushauri, msinicheke)

Mama_Kachori
Assalaam alaykum wanajukwaa. Naandika saa sita usiku kwa sababu mchana sina akili ya kukaa chini.

Nina mlango mmoja wa chakula huku Mwanakwerekwe, Unguja, barabarani kabisa. Nafungua saa kumi na mbili asubuhi, na biashara yangu kubwa ni urojo. Mwaka wa saba huu. Tangu waanze kuchimba, mbele yangu pana uzio wa mabati, na baina ya uzio na baraza yangu pana mtaro wa kimo cha mtu. Nimegongomea mbao mbili za mnazi nikazilaza juu yake, ndiyo daraja langu hilo. Vijana wanapita. Wenye watoto mikononi hawapiti. Juzi bibi mmoja, mteja wangu wa siku zote, kasimama ng'ambo akaniita: "Mwanangu, hebu nirushie." Nikamwambia bibi, urojo haurushwi.

Daladala zimepitishwa uchochoro wa nyuma, kituo kimehama. Nilikuwa nauza sufuria mbili kwa siku, sasa nusu sufuria namalizia na wanangu usiku. Vumbi ndiyo usiseme. Nafunika kawa, juu ya kawa nafunika kitambaa, na chatne bado ina mchanga.

Nihame au nisubiri? Wanaojua hizi kazi, zinakwisha lini? Nimekwama.

Ngalawa77
"Urojo haurushwi" nimecheka mpaka mke wangu kaamka. Pole dada. Subiri tu, barabara ikipendeza wateja watakuja na magari.

Fundi_Bomba
Ngalawa, wewe unasubiri na tumbo la nani? Mwache mwenzio.

Dada, usiulize barabara itakwisha lini, uliza vya chini vimehamishwa? Mimi nimekaa kwenye mitaro miaka kumi na moja. Lami ni kazi ya siku chache. Kinachokula miezi ni vilivyolala chini: bomba la maji la zamani, bomba la maji jipya, waya wa umeme, waya wa simu, na ramani hakuna inayosema kweli. Karatasi inasema bomba liko mita moja na nusu, wewe unalikuta nusu mita, tena limepinda kuelekea msikitini. Ukiona katapila limezimwa na vijana wanachokora taratibu kwa majembe, ujue pana waya hapo na hakuna anayetaka kuugusa. Halafu kufukia: tabaka, maji, shindilia. Tabaka jingine, maji, shindilia. Wakiharakisha, masika ya kwanza barabara inatitia.

Kwa hiyo tuambie mambo mawili. Mtaro wako umeshatiwa bomba, au mtupu? Na ukuta wako umetiwa alama?

Mama_Kachori
Ahsante fundi. Umetiwa bomba jeusi la plastiki, halijafukiwa. Hayo mengine yaache, mimi swali langu ni kuhama au kusubiri.

Mzee_Ugenini
Salamu kutoka Edinburgh, Uskochi, niliko tangu 2007. Binti yangu, haya ya kwako nimeyaona kwa macho yangu, tena mara mbili.

Huku waliamua kuleta tramu, yaani treni ndogo ya umeme inayopita katikati ya barabara pamoja na mabasi. Kazi ilianza 2008. Mimi nilikuwa nabeba masanduku ya mboga kwenye duka moja Leith Walk, barabara ya kwenda mtaa wa Leith. Ni kama alivyosema fundi, ugomvi ulikuwa chini ya ardhi: mabomba na nyaya za tangu enzi za wazee wao, kila wakichimba wanakuta lisiloandikwa. Princes Street, barabara kubwa kabisa ya mjini, ilifungwa 2009 wakalaza reli. 2011 ikafungwa tena kwa sababu uso wa barabara pembeni ya reli ulikuwa umeshaharibika. Bajeti ilikuwa pauni milioni 545, ikafika milioni 776. Tramu ikaanza 2014.

Na sisi wa Leith je? Tulichimbwa, tukala vumbi, mabomba yakahamishwa, wakafukia, kisha tukaambiwa pesa hazitoshi, tramu itaishia mjini. Hatukupata hata kengele yake. 2019 wakarudi kuchimba barabara ile ile! Imepita Leith ikafika mpaka Newhaven Juni 2023, na sasa naipanda kila siku, nzuri sana, sina la kuisema.

Bosi wangu mara ya kwanza alisubiri. Mara ya pili aliuza vifaa akaenda zake. Niliowaona wamebaki wengi wao walikuwa na jengo lao wenyewe. Mpangaji analipa kodi kamili kwa nusu ya wateja, hilo halina ufundi.

Kasuku_wa_Malindi
Mzee kanikumbusha. Watu wanadhani reli ni mambo ya ugenini, kumbe Unguja ilikuwa na treni mwaka 1905! Kampuni ya Kimarekani iliijenga, ikitoka mjini pale Ngome Kongwe mpaka Bububu, kiasi cha maili saba. Babu yangu akisema ilipita karibu na nyumba mpaka mtu akiwa dirishani anaweza kupokea kitu kutoka behewani. Ilifungwa 1928.

Ngalawa77
Basi urojo wakati ule ulirushika.

Pweza_Mkavu
Na kabla ya hiyo ya Bububu, Sultani Sayyid Barghash alikuwa na yake ya kwenda Chukwani. Tumeanza na treni mbili, leo tunapita juu ya mbao za mnazi 😂 Mimi natoka Bububu kila siku na daladala ya 502, nusu saa imekuwa saa nzima. Vespa yangu nimeiuza kwa hasira, sasa najuta.

Mpemba_wa_Wete
Jamani mumerukia treni. Sisi Pemba tumekuwa na barabara zetu, Chake–Wete, Chake–Mkoani, tunajua. Barabara ikipanuliwa jambo la kwanza si vumbi, ni ukuta wako uko ndani ya eneo la barabara au nje. Fundi kauliza alama, dada karuka. Dada, ukuta una X au hauna?

Mama_Kachori
Kwani X ina uhusiano gani na urojo?

Fundi_Bomba
Ina uhusiano wote. Kama hauna, unangojea vumbi lishuke. Kama unayo, unangojea katapila.

Mama_Kachori
Haya. Ipo. Nyekundu, upande wa kushoto wa mlango, na namba chini yake. Walikuja watu wawili na kopo la rangi, mwenye nyumba hayupo, yuko Muscat, nikawaambia mimi mpangaji tu, wakapaka wakaondoka. Lakini mtaa mzima una X za tangu zamani na nyumba nyingine zimesimama mpaka leo, kwa hiyo si lazima.

Shamsa_wa_Sheria
Mimi si wakili, nimekaa tu ofisini na mawakili. Ardhi ya Zanzibar ni mali ya umma, ipo wazi kwenye Sheria ya Ardhi Namba 12 ya 1992. Kinachotathminiwa ni jengo na vipando, na anayeandikwa kwanza ni mwenye jengo. Mpangaji mara nyingi anakuja kugundua mwisho. Mpigie mwenye nyumba umwambie leo, weka risiti zako za kodi, piga picha mlango, mtaro, na hiyo alama na namba yake. Siku ya tathmini uwepo.

Mama_Kachori
Picha ya alama siwezi kupiga kwa sasa. Pana bango.

Mpemba_wa_Wete
Bango gani?

Mama_Kachori
Bango langu la soda. Lilikuwa upande wa kulia, nimelihamishia kushoto kwa ajili ya jua.

Bi_Mkasi
Jua la Unguja sasa linachomoza upande wa X 🙂 Shoga, sema yote. Kuna mtu unamuuzia mlango?

Mama_Kachori
Sikutaka kulisema hili kwa sababu najua mtanirukia. Kuna kijana, katoka Pemba, anataka kufungua duka la simu. Tumekubaliana kilemba, yaani pesa ya kumwachia mlango, milioni sita, kanipa mbili na nusu, zilizobaki anamalizia wiki hii. Mwenye nyumba anajua mlango unabadilika mkono. Kijana alikuja mwenyewe mchana kweupe, akatizama, akapima kwa hatua, akapita juu ya ubao. Mtaro kauona. Mabati kayaona. Yeye ndiye aliyesema barabara ikimalizika hapa patakuwa dhahabu. Mimi sikumwambia uongo hata neno moja, hakuniuliza.

Na pesa nshazitumia. Nimelipa ada ya skuli ya wanangu wawili, iliyobaki nimeweka kwenye mlango mwingine Kiembesamaki. Kwa hiyo msinambie nirudishe, sina cha kurudisha.

Mpemba_wa_Wete
Kwa nini lazima awe Mpemba?

Ngalawa77
Kwa sababu Muunguja angeinua bango.

Ustadh_Kombo
Dada yangu, Mtume (S.A.W.) alipita sokoni akatia mkono ndani ya rundo la chakula, vidole vikakuta unyevu. Akamuuliza mwenyewe, akajibu kimenyeshewa na mvua. Akamwambia: si ungekiweka juu watu wakione? Aliyetughushi si katika sisi. Wewe umeuweka unyevu nyuma ya bango la soda. Aibu ya bidhaa huelezwa hata kama mnunuzi hakuuliza.

Mama_Kachori
Ustadh na mimi nani kanieleza? Nilipochukua mlango huu miaka saba nyuma nililipa kilemba, na aliyeniuzia alikuwa na shemegi yake ofisini, alijua barabara itapanuliwa. Hakunambia. Nimelea watoto watatu kwa sufuria. Leo mimi ndiye niwe wa kwanza kusema kweli katika mlango huu?

Pweza_Mkavu
Hapo kwenye "wa kwanza kusema kweli katika mlango huu" nimenyamaza kidogo. Mimi niliuziwa friji pale Darajani, nyuma limepakwa rangi mpya, kufika nyumbani maji yanatoka kama mfereji. Nikamuuzia mtu wa Jang'ombe. Mpaka leo nikimuona nabadilisha njia.

Jicho_la_Kunguru
Ngojeni kidogo. Nimesoma uzi wote kutoka juu. Nani anauza urojo saa kumi na mbili asubuhi? Urojo ni alasiri, watu wakitoka kazini. Asubuhi mtu anataka chapati na maharage. Anayeuza urojo miaka saba haandiki hivyo. Hii hadithi imetungwa.

Bi_Mkasi
Wallahi na mimi lilinikwaza. Tena angalieni: kamweleza kijana vizuri kuliko alivyojieleza mwenyewe. Kapima kwa hatua, kapita juu ya ubao, kasema dhahabu. Huyu si muuzaji. Huyu ndiye kijana! Kaja na jina la mama atupime, ajue X maana yake nini kabla hajamalizia milioni tatu na nusu.

Ngalawa77
Kijana, usimalizie!

Mpemba_wa_Wete
Kama ni wewe, mdogo wangu, sikia: inua bango. Usimuulize mtu, inua tu.

Kasuku_wa_Malindi
Na mimi nilimpa historia ya treni bure.

Mama_Kachori
Nimerudi kutoka kusali nakuta nimekuwa mwanamme.

Asubuhi nafungua kwa chapati, maharage na supu ya pweza, sikuandika kwa sababu swali halikuwa menyu. Saa tisa naanza urojo. Unga nauchuja mara mbili, manjano kidogo, ukali natumia embe mbichi siku za embe, na zisipokuwepo ni ndimu na ukwaju. Viazi navichemsha na maganda. Bajia zangu ni za dengu, sitii kunde kwa sababu zinakuwa nzito na zinazama. Chatne ya nazi nasaga mwenyewe, na tangu vumbi lianze nasagia chumbani, mlango nimefunga, feni nimezima, jasho linanitoka. Mkono wangu wa kulia una kovu la mafuta ya kachori la mwaka juzi. Mwanamme gani huyo?

Jicho_la_Kunguru
Mapishi yote hayo mke wangu anayajua na hana mlango Mwanakwerekwe. Sijaridhika. Lakini bajia za dengu nakubali.

Shamsa_wa_Sheria
Muuzaji au mnunuzi, jibu ni moja: makubaliano yaandikwe, na alama itajwe ndani ya maandishi pamoja na namba yake. Milioni sita ishuke mpaka mahali ambapo wote wawili mnaweza kulala. Kijana akikataa, arudishiwe pesa yake kidogo kidogo.

Mzee_Ugenini
Huku Leith Walk muuzaji aliyefuata baada ya bosi wangu alibandika karatasi dirishani: "Tunachimbwa, lakini tupo." Akauza chai kwa mafundi wenyewe. Wale wavaa helmeti wanakula, binti yangu. Umewahi kuwauzia wale walio ndani ya mtaro?

Mama_Kachori
Nawauzia. Wananunua supu, wanakopa.

Mzee, nimesoma na ya Shamsa pia, nimeyasikia. Ila kijana kanipigia sasa hivi. Kesho saa nne anakuja na fundi wake wa mabango, anataka kutoa la soda aweke la simu. Nimwambie asije nitasema nini? Sina usingizi. Fundi_Bomba, nijibu wewe tu, wengine nyamazeni: ile rangi nyekundu wanayopakia inafunikwa na chokaa?

Fundi_Bomba
Haifunikwi. Ukiipaka chokaa usiku utadhani imepotea, asubuhi inachungulia ya waridi. Ungepaka rangi ya mafuta mara mbili ingezama, lakini ukuta uliopakana na mtaro una unyevu, na rangi ya mafuta kwenye unyevu haitakuwa imekauka ikifika hiyo saa nne.