Mafuta ya makonyo kwenye difyuza: vijidudu vya hewani hupungua kweli?

Karafuu_Chake:
Wakuu, habarini. Chumba ni mita 4 kwa 4, kimo mita 3, madirisha yamefungwa. Difyuza (kifaa kinachorusha hewani maji yenye mafuta ya harufu) ya mililita 300, matone 10 ya mafuta ya makonyo (vikonyo vya karafuu) kutoka Pemba. Sahani za agari (rojo la kuoteshea bakteria) zilizoachwa wazi dakika 30 zimeota makoloni (madoa ya bakteria) machache kuliko za kabla ya kuiwasha. Je, hewa imekuwa safi? Na mbona ukungu wa maji unaotoka kwenye difyuza unafifia baada ya siku chache?

FundiAgari:
Mkuu, sahani hizo zinadanganya. Mvuke wa yujenoli, kemikali kuu ya mafuta hayo, hutua juu ya agari yenyewe na kuzuia bakteria wasiote. Rudia kwa agari iliyotiwa Tween 80 na lesithini, ambazo huzima nguvu ya mafuta. Weka na seti ya kulinganisha, difyuza ikiwa na maji matupu.

Tupige hesabu pia. Matone 10 ni kama nusu mililita, yaani takriban miligramu 500. Chumba chako kina mita za ujazo 48, kwa hiyo hata yote yakibaki hewani unapata miligramu 0.01 kwa lita. Kwenye vyombo vilivyofungwa maabara, mvuke wa mchaichai au mdalasini huzuia bakteria kwa miligramu kadhaa kwa lita. Pengo hilo ni mara mamia, na ukijaribu kulifikia, macho na koo vitawaka kabla ya bakteria kufa.

Mitambo_Tanga:
Kuhusu ukungu: mafuta ya makonyo ni mazito kuliko maji, yanazama na kukaa juu ya kile kidiski kinachotetemeka. Mwaga maji kila siku, futa kidiski kwa pamba yenye spiriti, usikikwaruze. Chokaa ya maji ya kisima itoe kwa siki, dakika 10. Maji yaliyolala humo huotesha bakteria, na difyuza ndiyo itakayowarusha hewani. Angalia na tangi: yujenoli hula plastiki ya polistirini.

Muuguzi_Zamu:
Pale penye mtoto mchanga, mwenye pumu au paka, usiwashe kabisa. Kwa vijidudu, fungua madirisha ya pande mbili zinazotazamana. WHO (Shirika la Afya Duniani) inapendekeza lita 10 za hewa safi kwa sekunde kwa kila mtu kwenye majengo ya kawaida. Ukitaka harufu, matone 3 kwa muda wa nusu saa yanatosha, dirisha likiwa wazi.