Hivi vifuko vigumu kwenye migunga ya Kalahari ni vya mdudu gani?

Mbeba_Mzigo: Wakuu habari zenu. Niko Botswana kikazi, upande wa Ghanzi, Kalahari yenyewe. Nyuma ya kambi kuna migunga imejaa vitu kama vijiyai vya kijivu vimeng'ang'ania matawini, vingine vikubwa vingine vidogo, nikachuna kimoja mkono mtupu aisee vidole vimeniwasha mpaka usiku. Alafu mwenyeji mmoja ananiambia vinaua ng'ombe. Kifuko kikavu kinauaje ng'ombe, kina sumu?

Kipepeo_Sio: Mkuu huyo ni nondo wa hariri wa porini, kitaalamu Gonometa postica. Kiwavi wake anakula majani ya mgunga, ana manyoya yanawasha balaa, na akijisokotea kifuko yale manyoya anayaacha humo humo, ndo yaliyokupata. Bandika selotepu kwenye vidole uibandue, yatatoka. Vikubwa ni vya majike.

mchunga_data: Sumu hamna kabisa. Kiangazi majani yakiisha ng'ombe anaokota maganda ya mgunga chini ya mti, na vifuko vilivyodondoka anabeba humo humo, sasa hariri haisagiki tumboni hata acheue vipi, nyuzi zinajisokota zinakuwa donge linaziba njia, mnyama tumbo limejaa lakini anakufa njaa.

Mbeba_Mzigo: Duh! Kwa hiyo niviokote nichome moto?

Mama_Uzi: Usichome jamani hiyo ni hariri! Huku Kenya, Mwingi, watu wanavuna vya nondo huyo huyo, icipe, kile kituo cha utafiti wa wadudu cha Nairobi, ndo waliwaanzishia. Chukua vyenye tundu tu, maana nondo kashatoka, akatage (na hapo hali kitu tena, anaishi kwa mafuta aliyoweka akiwa kiwavi). Kazi iko kwenye kutoa uzi. Kifuko kimejaa chembe za kalsiamu oksaleti ndo maana kigumu vile, ukichemsha kama vya hariri ya kawaida hauvutiki. Mwaka 2011 watafiti walionyesha ukiloweka kwenye EDTA, kemikali inayonasa kalsiamu, zile chembe zinayeyuka na uzi unavutika vizuri.

mchunga_data: Na Wasan wa huko Kalahari wanatia vikokoto ndani, wanavipanga kwenye kamba wanafunga miguuni kama njuga wakicheza.

Mbeba_Mzigo: Nimerudi kucheki, vingi vina tundu. Kesho naenda na glavu na gunia, naanza na vya chini kabla ng'ombe hawajapita.