Mjadala: Dirisha la karatasi lifungwe kabla tovuti haijapita mtihani?

Mwana Mkomani (mfungua mada)

Assalaam alaykum wana wa Lamu, na majirani zetu wa Malindi mliomo humu. Ofisi moja baada ya nyingine inahamishia fomu mtandaoni: basari, leseni ya biashara, maombi ya kazi, miadi ya kliniki. Fomu ikishapanda huko, dirisha la karatasi, pale karani anapopokea fomu za mkono, hufungwa na karani hupelekwa kazi nyingine.

Msimamo wangu ni huu. Taasisi ya umma isiruhusiwe kufunga dirisha hilo hadi tovuti yake itimize WCAG 2.2, daraja la AA. Kwa asiyeijua, WCAG ni mwongozo wa W3C, shirika la kimataifa la viwango vya wavuti, unaoeleza tovuti itengenezwe vipi ili asiyeona, kiziwi, asiyeweza kushika mausi na mwenye uzito wa kusoma wote waitumie. Una madaraja matatu, A, AA na AAA, na AA ndiyo inayodaiwa na sheria za nchi nyingi. Toleo la 2.2 lilitoka Oktoba 2023. Hapa kwetu shirika la viwango, KEBS, lina kiwango chake cha vifaa na huduma za teknolojia, KS 2952 cha mwaka 2022, kwa hiyo asije mtu akasema haya ni mambo ya Ulaya.

Nipingeni kwa hoja.

Nahodha wa Faza

Wa alaykum salaam. Nakupinga, Mwana Mkomani, na nakupinga kwa ajili ya watu hao hao unaowatetea.

Wewe uko Mkomani, ofisi iko hatua chache. Mtu wa Faza au Kizingitini mwenye kiti cha magurudumu hungoja maji yajae, hubebwa kuingizwa botini, hubebwa tena kutolewa gatini, kisha hukuta mlango wa ofisi una kizingiti. Kwake yeye fomu ya mtandaoni, hata ikiwa mbovu, ni nafuu kuliko dirisha zuri. Ofisi ya watu watatu ukiiambia itimize AA kamili na pia iweke karani dirishani, haitafanya vyote viwili. Itaiacha tovuti. Anzeni na daraja A, funga dirisha, AA ifuate pole pole.

Bi Shela

Kaka Nahodha, hilo neno "pole pole" ndilo nililosubiri, maana ofisi hulipenda na huliegemeza kwenye Katiba. Tuisome. Kifungu cha 54(1) cha Katiba ya 2010 kinampa mtu mwenye ulemavu haki ya kufikia mahali pote, usafiri wa umma na habari kwa njia inayofaa, na kutumia lugha ya ishara, Breli au njia nyingine za mawasiliano. Neno la "hatua kwa hatua" liko 54(2), nalo linahusu jambo jingine: asilimia 5 ya nafasi za kuchaguliwa na kuteuliwa. Halikuandikwa juu ya habari. Ofisi ikitaka mlango wa kutokea, mlango wake ni neno "inayofaa", na hapo ni lazima ieleze kwa nini haikuweza.

Tuna pia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu ambao Kenya iliuridhia 2008. Kifungu chake cha 9 kinataja intaneti waziwazi, na Katiba yetu, 2(6), inaufanya mkataba ulioridhiwa kuwa sehemu ya sheria. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya 2003 nayo imeondolewa, mahali pake iko ya 2025. Afisa anayenukuu ya 2003 leo ananukuu sheria iliyofutwa.

La mwisho, ambalo watu hawalitumii: Sheria ya Kupata Habari ya 2016. Asiyeweza kuandika ombi kwa sababu ya ulemavu, afisa anawajibika kumsaidia kuliwasilisha kwa njia inayomfaa, na jibu litoke ndani ya siku 21. Si hisani hiyo.

Fundi Langoni

Nitaacha sheria kwa Bi Shela, niseme yanayovunjika, kwa sababu nikisoma hapa naona watu wanadhani A ni rahisi na AA ni ya matajiri. Fomu nyingi huanguka kwenye A kabisa.

Chukueni fomu ya basari. Kosa la kwanza liko mstari wa juu wa msimbo (maagizo ya kompyuta yanayounda ukurasa), mahali ambapo ukurasa hutaja lugha yake. Kiolezo kimenunuliwa cha Kiingereza, kimeandikwa lang="en", mwenye kazi akajaza Kiswahili ndani bila kugusa hapo. NVDA, programu ya bure ya kusomea skrini, huja na sauti ya eSpeak NG ambayo Kiswahili inakijua. Lakini inaamini ilichoambiwa. Basi "Jina la mzazi au mlezi" linatamkwa kwa kanuni za Kiingereza, irabu zote zimepinda, na msikilizaji habaini neno. Tiba ni kubadili herufi mbili: lang="sw". Herufi mbili, na fomu nzima inaanza kueleweka! Ukiwa na aya ya Kiingereza katikati, nayo uitaje lugha yake. Hilo la pili ndilo la AA, la kwanza ni A.

Kosa la pili ni lebo. Mtengenezaji anaandika "Namba ya kitambulisho" kwa kijivu ndani ya kisanduku, basi. Ukianza kuandika maneno yale yanatoweka, na anayetumia programu ya kusomea skrini huenda akasikia tu "kisanduku cha kuandikia". Cha nini? Hajui. Lebo iandikwe juu ya kisanduku na ifungwe nacho kwenye msimbo. Kijivu chenyewe pia kina hesabu yake. AA inataka uwiano wa 4.5 kwa 1 wa mwangaza kati ya maandishi na usuli, yaani rangi ya nyuma yake, au 3 kwa 1 kwa maandishi makubwa. Kijivu chenye namba ya rangi #999999 juu ya nyeupe kinatoa karibu 2.85, kimeanguka. #767676 kinatoa 4.54, kimepita. Kwa jicho zima tofauti ni ndogo, ila soma hiyo fomu kwenye simu pale gatini saa saba mchana, jua utosini, utaona kwamba kanuni hii haikuwekwa kwa mwenye uoni hafifu peke yake.

Kosa la tatu ni muda. Unajaza, unatafuta cheti, ukirudi fomu imekutoa na kila kitu kimefutika. Mtu anayesikiliza fomu kisanduku kwa kisanduku, au anayeandika kwa kidole kimoja, huchukua muda mrefu zaidi. Kanuni inasema aonywe kabla, apewe angalau sekunde 20 za kuongeza muda kwa kitendo chepesi kama kubonyeza kitufe kimoja, na aweze kuongeza angalau mara kumi. Nayo ni ya daraja A.

Kosa la nne ndilo linalowafukuza wengi: orodha ya waliopata basari hutolewa kama picha ya karatasi iliyopigwa muhuri, ikaitwa PDF. Kisomaji cha skrini kikifika hapo hakina cha kusoma. Ofisi zinadhani muhuri ndio unaoipa karatasi uzito, kwa hiyo wanachapa, wanagonga muhuri, wanapiga picha. Hati ya Word ilikuwepo tangu mwanzo! Iwekwe orodha kama jedwali la kawaida kwenye ukurasa, vichwa vya safu vikiwekwa kama vichwa, na picha yenye muhuri ikae pembeni kwa anayeitaka.

Msomaji wa Nukta

Nawashukuru, lakini mnalizungumza dirisha la karatasi kana kwamba lilikuwa letu. Halijawahi kuwa letu sisi tusioona.

Fomu ya karatasi asiyeona huijaza kwa mdomo. Karani anauliza kwa sauti, foleni inasikia: mapato ya nyumba, maradhi, talaka, idadi ya watoto. Akimaliza unaambiwa weka dole gumba mahali usipopaona, chini ya maneno usiyoyasoma. Tovuti iliyotengenezwa vizuri ndiyo njia ya kwanza inayomwezesha asiyeona kujaza mambo yake peke yake, kwa siri yake. Kwa hiyo msije mkaliacha dirisha wazi kisha mkatwambia haki imetimia. Ofisi ikiona dirisha linatosha, tovuti haitengenezwi milele.

Mwana Mkomani

Dada, hilo sikulipima. Nilikuwa nikiliona dirisha kama ngao. Nipe muda nilifikirie.

Karani Malindi

Kwani lazima mtengeneze upya? Kuna kampuni zinauza kitufe. Unabandika mstari mmoja wa msimbo, kinatokea kidude pembeni chenye umbo la mtu, mtumiaji anakuza herufi, anabadili rangi. Kazi ya siku moja, malipo ya kila mwaka. Kwa bajeti ya kaunti ndogo naona inafaa.

Fundi Langoni

Hapana, bwana Karani, na nasema kwa uzito. Kile kidude hakijui kwamba kisanduku chako kisicho na lebo ni cha namba ya kitambulisho, kinabahatisha. Hakiwezi kuisoma picha ya muhuri kwa uhakika wa jina la mtu. Na kukuza herufi, kubadili rangi, kusomewa kwa sauti ni mambo ambayo mtumiaji tayari anayo kwenye simu yake, tena mara nyingi kidude kinagongana na programu yake aliyoizoea. Januari 2025 tume ya biashara ya Marekani, FTC, ilitangaza kwamba kampuni ya accessiBe italipa dola 1,000,000 kwa madai ya kuwahadaa wateja kuwa kifaa chake kingeifanya tovuti yoyote itimize WCAG. Fedha ya kitufe ni afadhali iende kurekebisha lebo, lugha na muda, na vikisharekebishwa hulipii tena kila mwaka.

Ukitaka kuijua hali ya tovuti yako leo, usinunue kitu. Chomoa mausi. Bonyeza kitufe cha Tab cha kibodi tangu juu hadi kitufe cha kutuma. Je, unaona uko wapi kila unapobonyeza? Unaingia kalenda ya tarehe ya kuzaliwa na unatoka, au umenasa? Kisha kuza ukurasa hadi asilimia 400 kwenye kompyuta: ikikulazimu kusogeza kulia na kushoto kusoma mstari mmoja, imeanguka. Kisha chukua simu ya Android, shikilia vitufe viwili vya sauti kwa sekunde tatu, TalkBack, programu yake ya kusomea skrini, itakuuliza kama uiwashe. Funga macho ujaze fomu. Nusu saa. Vipimo vya mashine viendeshwe pia, ila mashine huona kama picha ina maelezo, haioni kama maelezo yale ni ya kweli.

Mikono Inasema

Viziwi mmewasahau wote. Tovuti inasema "kwa msaada piga simu". Namba ya uthibitisho inakuja kwa simu ya sauti. Video ya maelezo haina maandishi. Weka ujumbe mfupi kama njia ya kuwasiliana, weka maandishi kwenye video. Na msidhani maandishi ya Kiswahili yanamtosha kila kiziwi: Lugha ya Ishara ya Kenya ina sarufi yake, kwa wengi ndiyo lugha ya kwanza. Maelekezo ya fomu yarekodiwe kwa ishara, dakika tatu nne tu.

Nahodha wa Faza

Nimesoma yote. Fundi amenionyesha kwamba "anza na A" niliyosema ni kazi kubwa kuliko nilivyodhani, nakubali. Lakini swali langu la bajeti halijajibiwa. Kila mahali watu wanajibu "jengeni njia ya mteremko kwanza". Mteremko wa 1 kwa 12, kizingiti cha sentimita 35, unahitaji mita 4.2. Kwenye vichochoro ambavyo punda wawili wenye shehena hawapishani utauweka wapi? Na Mji wa Kale uko kwenye orodha ya urithi wa dunia tangu 2001, huvunji daka (ukumbi wa mlangoni) la watu upendavyo. Mimi nasema fedha iende tovutini yote.

Bi Shela

Pasipowezekana mteremko wa kudumu, kuna wa kukunja, na kuna karani kutoka nje akamhudumia mtu barazani kwa miadi. Hilo ndilo "inayofaa" kwa mji wetu. Kuhusu fedha, kosa liko kwenye zabuni. Ofisi huandika "tovuti ya kisasa" na kulipa yote siku ya kukabidhiwa. Iandikwe: WCAG 2.2 AA, KS 2952, kazi tatu zitajwe kwa jina (kuomba basari, kuangalia matokeo, kukata rufaa), kila moja ikamilishwe tangu mwanzo hadi stakabadhi na mtu asiyeona, mtu anayetumia kibodi pekee na kiziwi, nao walipwe kwa kazi hiyo. Sehemu ya malipo, mimi ningesema asilimia 20, izuiwe hadi makosa yarekebishwe. Hilo haliongezi sana gharama likiwemo tangu mwanzo. Kurekebisha baadaye ndiko kunakoumiza.

Mwana Mkomani

Nimebadili pendekezo nitakalopeleka kwenye kikao cha maoni ya wananchi. Halisemi tena "hadi AA". Linasema: tarehe ya tovuti kutimiza AA itangazwe na kubandikwa mlangoni, dirisha lisifungwe kabla kazi zile tatu za Bi Shela hazijakamilishwa na watumiaji wenyewe, na hata baada ya hapo, mwenye kuhitaji kusaidiwa asaidiwe faraghani, mlango umefungwa, kwa alichokisema dada Msomaji wa Nukta.

Msomaji wa Nukta

Ongeza kwamba majina ya makosa yaliyopatikana yatangazwe nayo, siyo "imepita" au "haijapita" tu. Nami nitalitia sahihi.

Nahodha wa Faza

Mimi bado sitii. Andika karani huyo wa dirishani atakuja Faza mara ngapi kwa mwezi, ndipo tuongee.