Mjadala: Je, nafasi za shule za vipaji maalumu zitolewe kwa alama peke yake?

Mchangiaji aliyetangulia anashikilia kwamba nafasi za Ilboru, sekondari ya wavulana ya Arusha, na shule nyingine za serikali za vipaji maalumu ni haki ya waliopata alama za juu kabisa darasa la saba, na kwamba kigezo kingine chochote kitawaonea waliojituma. Naielewa hofu yake, maana alama hazina mjomba, na kigezo kisichoeleweka hufungua mlango wa vimemo.

Hata hivyo, alama hupima kipaji pamoja na mazingira. Mtoto wa shule binafsi ya Njiro, jijini Arusha, ana vitabu vyake na mwalimu wa tuisheni jioni; mwenzake wa Longido, wilaya ya wafugaji, hutoa ndama zizini alfajiri, hutembea hadi shule, kisha huchangia kitabu kimoja cha hisabati na wenzake watatu, ambao humwachia yeye akishike kwa kuwa ndiye anayewaelekeza namna ya kutafuta eneo la pembetatu. Akizidiwa alama chache na yule wa Njiro, sioni kwa msingi gani tuseme amezidiwa kipaji.

Katika kaunti ya Broward, jimbo la Florida, Marekani, kiwango cha kuingia madarasa ya wenye vipawa kilikuwa alama 130 za kipimo cha akili, lakini 116 kwa watoto wa familia zenye kipato kidogo na wanaojifunza Kiingereza. Hilo pekee halikutosha, kwa sababu waliopelekwa kupimwa ni wale waliopendekezwa na wazazi au walimu. Mwaka 2005 walipoanza kuwapima wanafunzi wote wa darasa la pili, watoto maskini waliofuzu waliongezeka sana.

Napendekeza sehemu ya nafasi itengwe kwa wanaoongoza katika kila halmashauri, kwa orodha inayobandikwa hadharani ili vimemo visipate pa kupenya. Wakipwaya katika Kiingereza kidato cha kwanza, wafundishwe; hilo lina dawa.

Jambo la wasichana linaniuma zaidi. Kati ya shule saba za kundi hili, za wasichana ni tatu: Msalato, Kilakala na Tabora. Arusha na Kilimanjaro hazina hata moja, kwa hiyo binti wa Karatu mwenye kipaji hana budi kwenda Dodoma, Morogoro au Tabora, na mzazi asiye na nauli humzuia. Wanaotetea alama peke yake watueleze binti huyo alikosea swali lipi.