Hospisi ya hisani: wenye uwezo watozwe ada au wasitozwe?

Ndugu zangu wa Lamu, kuna hoja inazunguka barazani: tukianzisha hospisi ya hisani, yaani huduma ya kuwatuliza majumbani wagonjwa wasiotarajiwa kupona, wenye uwezo watozwe ada kila wakitembelewa, masikini wasamehewe. Wanaoiunga mkono wanasema wafadhili wakiondoka, milango itafungwa. Hofu yao naielewa, lakini napinga.

Marehemu mama mkubwa alishikwa na saratani akiwa Siyu, nasi tuko Langoni. Morfini ya maji, dawa ya maumivu makali inayochanganywa kutokana na unga, haikutulemea. Bei yake ni ndogo. Kilichotulemea ni boti: petroli, nahodha, na kungoja maji yajae ndipo mlango wa bahari wa Mkanda upitike. Siku zile angekuja muuguzi akauliza, "Mnao uwezo?" tungejibu tunao. Nani atakubali kuandikwa fukara kando ya kitanda cha mzazi wake? Tungekopa, tungeuza dhahabu. Ada ya wenye uwezo huishia kulipwa na wenye haya.

Tena malipo hugeuza jicho la mtoa huduma. Marekani, Medicare, bima ya serikali ya wazee, huilipa hospisi kwa kila siku ambayo mgonjwa yumo kwenye daftari. Kazi nyingi huwa siku za mwanzo na za mwisho, kwa hiyo mgonjwa anayekawia huiletea hospisi faida kuliko anayefariki ndani ya wiki. Sitaki muuguzi wetu apige hesabu hiyo akiwa gatini.

Rai yangu ni wakfu. Nyumba moja Mkomani ipangishwe, kodi yake ilipe muuguzi na petroli. Misikiti yetu imetunzwa hivyo miaka mingi. Kwa nini asitunzwe anayekata roho?

Muuguzi mstaafu:
Mwanangu, wakfu ni jambo jema, ila nyumba huvuja na boriti huoza. Mwaka wa ukarabati mshahara utatoka wapi? Nimefanya kazi kwenye mradi wa wafadhili. Muda wake ulipokwisha, wagonjwa hawakuwa wamekwisha. Tulikwenda kuwaaga majumbani, wengine chupa ya dawa imefika nusu. Sitaki kuyaona tena.

Afya imo mikononi mwa kaunti tangu ugatuzi wa 2013. Kaunti imlipe muuguzi, hisani ibebe yaliyobaki. Uingereza, ambako Cicely Saunders, mwanzilishi wa hospisi za kisasa, alifungua hospisi ya St Christopher's mwaka 1967, mgonjwa wa hospisi hatozwi. Serikali hutoa sehemu, na nyingine hutafutwa, hata kwa kuuza nguo kuukuu madukani. Mitumba hata sisi tunaiweza.

Mchangiaji wa Shela:
Na mwenye hoteli akitoa boti kwa sharti la kupiga picha wagonjwa?

Mwanzisha mjadala:
Arudishiwe boti yake. Mgonjwa asiyeweza hata kujifunika shuka hawezi kukataa kamera, na ridhaa ya mtu anayengoja dawa si ridhaa.

Mama, kuhusu mshahara umenishinda, kaunti ibebe. Lakini mishahara ya kaunti nayo huchelewa, na maumivu hayangoji mwisho wa mwezi. Ndiyo maana kwa boti na petroli nabaki na wakfu, na sehemu ya kodi iwekwe kila mwezi kwa ajili ya boriti. Anayejua taratibu za wakfu atueleze: msimamizi awe mmoja wa ukoo uliotoa nyumba, au watatu, mmoja wao akiwa muuguzi?