Mifuatano miwili ya ITS2 katika tawi moja la tumbawe: je, ni spishi mbili?

Mwanafunzi_Unguja:
Waheshimiwa, salaam. Ninaandaa tasnifu ya uzamili kuhusu mwani wa seli moja wanaoishi ndani ya matumbawe na kuyalisha kwa sukari wanayoitengeneza kwa mwanga wa jua. Machapisho ya zamani yanazungumzia kundi A, B, C na kuendelea, ilhali ya karibuni yanataja Cladocopium na Durusdinium. Zaidi ya hayo, sampuli zangu za Acropora (jenasi ya matumbawe yenye matawi) zimetoa mifuatano kadhaa ya ITS2, kipande cha DNA kinachotumika kutambua aina za mwani hawa, katika kila tawi, na miwili kati yake, D1 na D4, huonekana pamoja kila mara. Je, ninaruhusiwa kuandika kwamba tawi moja lina spishi mbili za mwani?

Mzee_wa_Hadubini:
Mwanangu, nianze na majina. Freudenthal alipompa mwani huyu jina la Symbiodinium microadriaticum mwaka 1962, wengi waliamini kwamba spishi hiyo moja ndiyo iliyoenea katika matumbawe yote, kwa sababu chini ya hadubini ya kawaida wote ni viduara vya kahawia visivyotofautishika. Mwaka 1991 Rowan na Powers walitumia jeni ya ribosomu wakaonyesha kuwa ndani ya jina hilo moja mlikuwa na tofauti kubwa mno, na hapo ndipo herufi zilipoanza. Mwaka 2018 LaJeunesse na wenzake walizipandisha hadhi herufi hizo kuwa jenasi ndani ya familia ya Symbiodiniaceae: A ikabaki Symbiodinium, B ikawa Breviolum, C Cladocopium, D Durusdinium. Andika majina mapya, lakini herufi ya zamani iweke karibu mara ya kwanza, maana wasomaji wako watazikuta katika makala za miaka ya nyuma.

Maabara_Mombasa:
Kuhusu D1 na D4, jibu langu ni hapana. ITS2 haipo nakala moja tu katika seli. Zipo mamia, pengine maelfu, na nakala hizo hazifanani zote. Durusdinium trenchii anajulikana kwa kubeba D1 na D4 ndani ya jenomu moja. Ukihesabu kila mfuatano kuwa spishi, utakuwa umemhesabu mtu mmoja mara mbili kwa kuwa ana majina mawili. Programu ya SymPortal, iliyotolewa mwaka 2019, hutafuta mifuatano inayoandamana katika sampuli nyingi na kuichukulia kuwa wasifu mmoja. Angalia pia uwiano wa nakala, kwa sababu jenasi hazilingani kwa idadi ya nakala. Asilimia 80 ya mifuatano si lazima iwe asilimia 80 ya seli.

Mpiga_Mbizi_Muscat:
Nakubaliana, ila ninaonya kwamba wasifu nao si spishi. Katika Ghuba ya Uajemi tuna mfano mzuri: mwani wanaotawala matumbawe ya kusini mwa Ghuba, ambako maji ya kiangazi huzidi nyuzi 34, walionekana katika ITS2 kama C3, aina ya kawaida kabisa ya Cladocopium. Ilipotumika sehemu ya psbA, jeni ya kloroplasti, ndipo ikabainika kuwa ni kitu cha pekee, na mwaka 2015 wakapewa jina la spishi yao wenyewe, thermophilum. Kwa hiyo ITS2 inaweza kukudanganya pande zote mbili, ikigawanya mmoja na kuunganisha wengi. Isitoshe, jina hubeba tabia: huko Australia, vifaranga vya Acropora vyenye kundi D vilikua polepole zaidi kuliko vyenye C, ingawa D husifiwa kwa kustahimili joto.

Mwanafunzi_Unguja:
Nawashukuru sana. Je, nipime psbA kwa sampuli zote? Bajeti yangu ni finyu.

Maabara_Mombasa:
Si zote. Chagua chache kutoka kila wasifu, ukianza na zile za Cladocopium. Hizo D1 na D4 zako ziandike kuwa wasifu unaolingana na Durusdinium trenchii, kisha uendelee.